Mlango wa Moyo Usiofunga



Wapo watakaojiuliza Haki na Amani inatafuta nini ndani ya kifua cha mtu. Wamezoea kutusoma tukiandika juu ya mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane, na magomvi ya wakulima na wafugaji ambayo wilaya yetu ya Kilosa imeyaonja kwa uchungu. Moyo, watasema, ni kazi ya daktari. Nasi tunakubali kwamba kuupasua na kuushona ni kazi ya daktari. Lakini ni nani anayefika mbele ya huyo daktari, anafika akiwa katika hali gani, na akirudi nyumbani anapokewa na huduma ipi? Hayo si maswali ya daktari peke yake. Ni maswali ya haki, na katika kata kama Mabwerebwere yanapata majibu tofauti kabisa na yale yanayopatikana Upanga au Masaki.

Tuanze na jambo lenyewe, kwa kuwa mtu hawezi kudai haki ya kitu asichokielewa. Moyo ni pampu yenye vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Katika njia za kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na za kutoka moyoni kwenda mwilini na mapafuni, ipo milango minne midogo inayoitwa valvu. Kila valvu hufunguka kwa upande mmoja tu: damu ipite, kisha mlango ujifunge nyuma yake. Valvu inayopata taabu mara nyingi zaidi katika ugonjwa tunaouzungumzia ni ile ya upande wa kushoto, iliyo kati ya chumba cha juu kinachopokea damu kutoka mapafuni na chumba cha chini kinachoisukuma kwenda mwili mzima. Madaktari huiita valvu ya mitrali. Ina mabawa mawili mepesi yaliyoshikiliwa na nyuzi nyembamba mithili ya kamba za hema. Mabawa hayo yakikunjamana, au nyuzi zikirefuka au kukatika, au duara la mlango likitanuka, mlango haufungi. Kila moyo unapopiga, sehemu ya damu hurudi ilikotoka.

Mwanzoni mgonjwa hajui lolote. Moyo huongeza juhudi na kutanuka, na huweza kuvumilia hivyo kwa miaka kadhaa. Kisha huja siku ambapo kijana aliyekuwa akibeba gunia la mpunga kutoka shambani hadi barabarani bila kutua, anasimama mara tatu njiani akitweta. Usiku hawezi kulala chali. Anataka kuegemezwa ukutani. Anakohoa. Miguu inavimba, na baadaye tumbo linajaa maji. Kwa kuwa anakohoa na kukonda, anapimwa kifua kikuu, na majibu yakionyesha kuwa hana, wapo wanaosema ni pumu, na wapo wanaoondoka kwenda kumtafuta aliyemroga. Hatuandiki haya ili kuwacheka. Mtu asiyepewa maelezo ya kweli atajitafutia maelezo yake mwenyewe, na zahanati isiyo na mtu wa kuusikiliza moyo wa mtoto kwa makini haina haki ya kumlaumu mzee aliyekwenda kwa mganga.

Sasa, valvu hiyo iliharibikaje? Zipo sababu kadhaa. Wengine huzaliwa na moyo wenye kasoro. Wengine valvu zao huchakaa kwa uzee, na huo ndio ugonjwa wa valvu ulioenea zaidi katika nchi tajiri. Wengine hupata vijidudu vinavyopita katika damu, pengine kutoka katika jino bovu, vikatia kambi juu ya valvu na kuila. Lakini kwa watoto na vijana wa Afrika Mashariki, sababu iliyo kubwa kuliko zote ni ya kushangaza kwa udogo wake: koo. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anapata mafindofindo yanayosababishwa na aina moja ya bakteria, streptokoki. Koo linapona lenyewe, watu wanasahau. Baada ya wiki mbili au tatu askari wa mwili waliotumwa kupigana na bakteria hao wanakosea adui na kuushambulia mwili wenyewe. Viungo vinavimba na kuuma, goti leo, kiwiko kesho, homa inapanda, kisha yote yanatulia. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Maumivu ya viungo hupita bila kuacha alama. Moyoni hubaki kovu, na homa hiyo ikirudi mara ya pili na ya tatu, kovu huongezeka juu ya kovu.

Katika sehemu nyingi za nchi yetu mtoto anayeumwa koo au kukohoa hupelekwa kukatwa kimeo. Tunasema wazi kwamba jambo hili ni la hatari na halina faida. Kimeo hakina kosa lolote. Wembe wa fundi huleta damu na maambukizo, na zaidi ya hayo huwapa wazazi faraja ya uongo kwamba koo limetibiwa, wakati bakteria bado wamo na sindano iliyohitajika haikuchomwa.

Ugonjwa huu una tabia ya kufuata umaskini kwa uaminifu. Bakteria wa koo husambaa pale watoto wanapolala sita katika chumba kimoja, pale darasa lina watoto mia moja, pale mgonjwa hapati dawa mapema. Ulaya na Marekani ya Kaskazini waliujua vizuri sana zamani. Hospitali zao zilijaa watoto wa namna hiyo. Ulianza kupungua kwao pale nyumba zilipokuwa bora na watu walipoacha kusongamana, hata kabla penisilini haijaenea, na dawa hiyo ilipopatikana ukakaribia kutoweka. Kwetu bado upo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 55 duniani wanaishi na ugonjwa wa moyo wa rumatiki, na wengi wao wako katika nchi maskini na za kipato cha kati. Mwezi Mei mwaka 2018, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka serikali ziushughulikie. Azimio ni jambo jema. Hata hivyo azimio halichomi sindano.

Tuseme basi juu ya upasuaji, kwa maana ndio unaopewa sifa magazetini, na sifa hiyo unastahili. Kwa karne nyingi moyo ulikuwa kiungo ambacho daktari hakuthubutu kukifungua, kwani huwezi kushona kitu kinachoruka mkononi huku kimejaa damu. Mwaka 1953, huko Marekani, daktari John Gibbon alifanikiwa kutumia mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu wakati moyo umesimamishwa. Mwaka 1960 Albert Starr na mhandisi Lowell Edwards walifanikiwa kuweka valvu ya bandia mahali pa valvu ya mitrali: kijitufe kilichocheza ndani ya kizimba cha chuma. Tangu hapo ikawa desturi kwamba valvu mbovu hukatwa na kutupwa, ikawekwa ya kiwanda.

Mfaransa mmoja, Alain Carpentier, hakuridhika na desturi hiyo. Yeye aliitazama valvu inayovuja kama fundi mzuri anavyoutazama mlango uliolegea bawaba. Kwa nini kuung'oa mlango wote? Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 alibuni pete ya kushonwa kuzunguka duara la valvu ili lirudi katika kipimo chake, na njia za kupunguza bawa lililozidi, kulitanua kwa kiraka lililosinyaa, na kufupisha au kuhamisha nyuzi zilizoharibika. Mwaka 1983 alieleza njia hizo kwa utaratibu katika makala ambayo madaktari wa moyo wanaijua hadi leo. Yapasa kukumbuka pia kwamba mwaka 1992 daktari huyo huyo alianzisha taasisi ya moyo katika mji wa Ho Chi Minh, nchini Vietnam, mahali ambapo wagonjwa wa rumatiki walikuwa wengi na fedha zilikuwa chache.

Tofauti kati ya kurekebisha na kubadilisha si jambo la mafundi kubishana wenyewe kwa wenyewe. Kwa mkulima ni tofauti ya maisha. Valvu ya bandia iliyotengenezwa kwa madini hudumu miaka mingi, lakini damu hupenda kuganda juu yake. Kwa hiyo mwenye valvu hiyo lazima anywe dawa ya kuzuia damu kuganda, wafarini, kila siku hadi mwisho wa maisha yake. Dawa hii ina mizani nyembamba sana. Ikipungua, damu huganda na kuiziba valvu, au kipande cha damu iliyoganda huruka hadi kwenye ubongo na mtu akapooza. Ikizidi, mtu huvuja damu kwa kujikwaa tu. Majani ya kijani tunayokula kila siku, matembele na mchicha, yanaweza kubadili nguvu yake iwapo leo mtu anakula mengi na kesho hali kabisa, na dawa nyingine za kawaida hugongana nayo. Ndiyo maana damu yake lazima ipimwe mara kwa mara maisha yake yote. Tunamuuliza msomaji: kipimo hicho kinapatikana wapi karibu na Mabwerebwere, wakati wa masika barabara ikiwa tope, kwa mtu aliyekwisha kuuza baiskeli ili apate nauli ya kwenda kupasuliwa?

Kwa msichana mzigo ni mzito zaidi. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, na kuiacha kunaweza kumuua mama. Ipo namna ya kumbadilishia dawa wakati wa mimba, lakini inahitaji kliniki iliyo macho na mgonjwa aliyefundishwa vema. Ipo pia valvu inayotengenezwa kwa tishu za mnyama, ambayo haidai wafarini ya maisha. Hiyo nayo huchakaa, na huchakaa upesi zaidi katika mwili wa kijana, hivyo kifua hufunguliwa tena baada ya miaka. Valvu yake mwenyewe iliyorekebishwa, ikiwezekana, humwachia msichana huyo nafasi ya kuishi bila kufungwa na kipimo cha damu, na kuzaa bila dawa ile. Kwa mtu aishiye mbali na hospitali kubwa, kurekebisha si anasa. Ndiyo tiba inayolingana na maisha anayoishi.

Lakini hatutaki kumdanganya mtu. Valvu iliyoharibiwa na rumatiki ni ngumu kurekebisha kuliko ile iliyochakaa kwa uzee, kwa kuwa mabawa yake yamekuwa manene, yamesinyaa, na nyuzi zimeshikamana. Valvu nyingine haishoneki tena. Nyingine hushonwa ikafaa kwa miaka, kisha ikaanza kuvuja upya. Daktari mwaminifu humwambia mgonjwa hayo kabla ya kumlaza mezani. Na hapa ndipo penye kiini cha tahariri hii: uwezekano wa kurekebisha hupungua kadiri mgonjwa anavyochelewa. Anayefika mapema, moyo wake ukiwa haujalegea, ana nafasi nzuri ya kurudi na valvu yake. Anayefika miguu imevimba, ini limejaa damu, hana nafasi kama hiyo, na pengine ataambiwa kwamba moyo umechoka mno, haustahimili upasuaji wa aina yoyote. Kuchelewa huko hakuandikwi popote kuwa ni dhuluma, kwa sababu hakuna aliyempiga mtu yeyote.

Nchi yetu imepiga hatua ambayo haina budi kutajwa. Zamani Mtanzania aliyehitaji upasuaji wa moyo alingoja kibali cha kupelekwa nje, mara nyingi India, na waliopata kibali walikuwa wachache. Mwaka 2008 upasuaji wa kufungua kifua na kusimamisha moyo ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Baadaye, kwa ushirikiano na serikali ya China, lilijengwa jengo maalum la moyo, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Hapo valvu zinarekebishwa na kubadilishwa na mikono ya Watanzania, wakisaidiana mara kwa mara na madaktari wageni wanaokuja kwa kambi za siku chache kutoka Australia, Saudi Arabia, Israel, Marekani na kwingineko.

Watoto wa Zanzibar walianza kupelekwa Israel kwa upasuaji wa moyo tangu mwaka 1999, kwa msaada wa shirika la Save a Child's Heart. Shirika hilo halikuishia kuwabeba watoto. Lilimchukua pia daktari kijana wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, Godwin Godfrey, likamfundisha kwa miaka upasuaji wa moyo wa watoto, naye akarudi nyumbani kuifanya kazi hiyo. Tukiulizwa ni msaada upi ulio bora, kuchukua watoto kumi kwa ndege au kumfundisha mtu mmoja atakayebaki, hatutasita kujibu. Ila tunatambua kwamba mama wa mmojawapo wa wale kumi asingekuwa na subira ya kungojea daktari ahitimu, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu.

Basi utaalamu upo. Umbali kati ya utaalamu huo na kijiji ndio unaotutia mashaka. Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 12 katika kata ya Mabwerebwere. Kwa utaratibu wa rufaa anaanzia zahanati. Akiandikiwa barua anakwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya mjini Kilosa, au kwa walio upande wa Mikumi, Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Kutoka hapo hospitali ya rufaa ya mkoa, Morogoro. Na kutoka Morogoro, kilomita zipatazo 200 tena hadi Dar es Salaam. Kila ngazi ina foleni yake, barua yake, na siku yake ya kurudi. Kipimo kinachoamua jambo ni kile cha eko, yaani kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, na mara nyingi mgonjwa hukutana nacho akiwa amekwisha kupanda ngazi kadhaa. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Kilosa ikielekea Dar es Salaam na Dodoma, na safari iliyokuwa ya kutwa nzima sasa ni ya saa chache. Tunaishukuru reli. Lakini nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji, chumba cha kulala mjini kwa ndugu anayengoja majuma mawili au matatu, shamba lililoachwa bila kupaliliwa, hayo treni haikuyapunguza.

Kuhusu malipo, Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018 uliiomba kaya ya watu sita Sh 30,000 kwa mwaka, na huduma zake zilifika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Angalia vizuri mpaka huo. Mkulima aliyelipa kwa uaminifu alihudumiwa kwa malaria na kichomi, kisha akaachwa Morogoro siku moyo wa mwanawe ulipohitaji kupanda ngazi moja zaidi. Mwezi Novemba mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Jina la sheria hiyo lina neno zito: wote. Viongozi wetu wa walei hawana budi kuisoma pamoja na kanuni zake, na kuuliza jambo moja bila aibu: je, kitita anachokatiwa maskini kinafika mpaka kwenye kisu cha daktari wa moyo, au kinaishia pale pale palipoishia kadi ya zamani?

Katika pengo hilo ndipo michango imeingia. Tunaijua sote. Tangazo linasomwa baada ya ibada, kikapu kinapita, jumuiya ndogo ndogo zinapangiwa viwango, daftari linazungushwa sokoni, na wakati mwingine redio inasaidia. Hatuandiki kuudharau moyo huo wa kutoa. Kuna watu wanaotembea leo kwa ajili yake. Lakini sisi wa Haki na Amani tunapaswa kusema kile ambacho mhazini wa mchango hawezi kukisema. Mchango huchagua. Huchagua mtoto mwenye ukoo mkubwa, mwenye baba anayefahamika, mwenye uso unaopendeza katika picha. Mtoto wa kibarua aliyehamia juzi, mtoto wa mfugaji anayeishi pembeni mwa kijiji na ambaye wakulima hawazungumzi naye vizuri tangu ugomvi wa mwisho, hawa hawatangazwi. Tena mchango huja mara moja. Unalipia upasuaji, unapigwa makofi, unafungwa. Hakuna aliyewahi kutangaziwa mchango wa sindano ya mwezi wa kumi na tisa.

Na sindano hiyo ndiyo habari kubwa kuliko upasuaji. Koo la streptokoki hutibiwa kwa sindano moja ya penisilini ya benzathini. Mtoto aliyekwisha kupata homa ya rumatiki huchomwa sindano hiyo hiyo kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili homa isirudi. Hata aliyepasuliwa, valvu yake ikiwa imerekebishwa au kubadilishwa, huendelea kuchomwa. Maana kumrudisha kijijini bila sindano ni kuupaka ukuta rangi huku paa linavuja. Dawa yenyewe ni ya zamani na ya bei ndogo. Pengine udogo wa bei ndio unaoidhuru, kwa kuwa viwanda havioni faida ya kuitengeneza kwa wingi, na zimekuwapo nyakati ambapo nchi nyingi duniani ziliikosa.

Jirani zetu wa Uganda wametupatia ushahidi mzito. Huko kaskazini mwa Uganda watafiti waliwapima mioyo watoto wa shule zaidi ya 100,000, wakawapata wale ambao valvu zao zilikuwa zimeanza kuharibika bila wao kuhisi lolote. Watoto 818, wenye umri wa miaka 4 hadi 17, walishiriki utafiti: nusu walichomwa penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, nusu hawakuchomwa. Majibu yalitolewa mwaka 2021. Katika wale waliochomwa, ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 tu. Katika wale ambao hawakuchomwa, uliendelea kwa watoto 33. Na kama mtu atasema hayo ni mambo ya watafiti wenye mashine, basi atazame mkoa wa Pinar del Río, nchini Cuba, ambako kati ya mwaka 1986 na 1996 waliendesha mpango wa kawaida kabisa: kuwafundisha wazazi na walimu, kutibu makoo, kuwaandika wagonjwa katika daftari na kuwafuatilia wasikose sindano. Homa ya rumatiki ilipungua sana, na fedha zilizotumika kuwatibu wagonjwa zikapungua pia. Pinar del Río si mji mkuu. Ni mkoa wa wakulima wa tumbaku.

Yapo tunayowaomba viongozi wa walei, kila mmoja mahali pake. Walimu, na hasa wanaofundisha katekisimu kwa watoto Jumamosi, wanawaona watoto wengi kuliko mganga yeyote. Mtoto anayeketi pembeni wenzake wakicheza, anayetweta baada ya hatua chache, asiitwe mvivu kabla hajasikilizwa moyo. Wanaoketi katika kamati ya zahanati wamo humo kwa niaba ya wananchi, si kwa ajili ya kugonga mhuri; wadai daftari la wagonjwa wa rumatiki lenye tarehe ya sindano ya kila mmoja, na mhudumu wa afya wa jamii apewe jukumu la kumfuata aliyepitisha siku 28. Wauguzi wengine huiogopa sindano hii kwa sababu ya mzio, na hofu yao si ya bure, ingawa mzio mkali ni nadra; dawa ya kuukabili na iwepo chumbani, na mgonjwa ambaye moyo umekwisha kulegea sana aamuliwe na daktari, kwani wapo wanaofaa zaidi kupewa vidonge.

Tunawageukia pia wanaotoa mafundisho ya ndoa. Msichana mwenye valvu ya chuma, au mwenye kovu la upasuaji kifuani, si mwanamke nusu. Ana haki ya kujua kabla ya upasuaji ni valvu ya aina gani inayokusudiwa kuwekwa na itamletea nini katika uzazi. Ana haki ya kuolewa kama wengine au kutoolewa. Na mume aliyemwoa akiwa mzima hana ruhusa, mbele ya madhabahu yoyote, ya kumrudisha kwao kwa sababu amekatazwa kuzaa mara ya tatu. Mabaraza ya usuluhishi ya parokia yanayopokea kesi za namna hiyo yaanze kwa kumwita mganga aeleze ugonjwa, kabla ya kuwaita wazee waeleze mahari.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Mkutano ujao, ajenda ya afya ikifikiwa, asimame mmoja wenu aulize kwa sauti ya kusikika: penisilini ya benzathini iliisha lini mara ya mwisho hapa zahanati, ilikaa siku ngapi bila kuletwa, na ni watoto wangapi waliorudi nyumbani bila kuchomwa? Kisha ahakikishe mtendaji wa kijiji ameliandika jibu katika muhtasari, pamoja na tarehe.